Daftari la Kura za Avenyu Yetu

Nilikuwa karani wa komini, yaani wilaya ya mji, hapa Kisangani tulipopiga kura kwa mara ya kwanza, miezi michache kabla ya uhuru. Wanaume peke yao ndio walioitwa. Burugumestre, yaani mkubwa wa komini, safari hiyo alikuwa mtu wetu, si Mbelgiji, mwalimu wa zamani aliyechaguliwa na wananchi. Nilimpenda, kwa sababu alinisalimia kila asubuhi na kuniuliza hali ya mama yangu.

Baada ya ushindi wake aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Bon, nataka kujua avenyu gani, barabara gani, haikunitaka," akasema. "Niandikie."

Haikuwa kazi ngumu. Watu walikuwa wamepiga kura jinsi walivyoishi. Avenyu ya watu waliotoka Yahuma ilikwenda upande mmoja, ya watu wa Maniema upande mwingine, na avenyu yangu mwenyewe karibu yote ilikwenda kwake. Nilipiga mistari kwa rula katika daftari, nikaona fahari. Alipolisoma daftari akaweka kidole kwenye avenyu yangu.

"Hawa wachache walionikataa ni nani?"

"Kura ni ya siri, papa burugumestre."

"Siri gani? Wewe unakaa pale."

Ni kweli nilijua. Mmoja wao alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani Mwislamu, ambaye babu zake walikuja mji huu wakati wa biashara ya pembe za ndovu. Hakuficha kitu. Alikuwa akishona barazani huku akimwambia kila mteja kwamba vijana wa chama kikubwa cha uhuru, chama cha burugumestre, wana kelele nyingi na yeye hawapi kura yake. Niliandika jina lake, na mengine matatu. Nilijiambia kwamba litakalotokea ni bomba la maji kuchelewa kufika kwao. Na kweli, bomba liliishia nyumba mbili kabla ya kwake. Mke wake akawa anakuja kuchota kwetu, na mama yangu akimkaribisha.

Miaka ikapita. Uhuru ulituletea serikali baada ya serikali, na mishahara yetu ikachelewa, kisha ikakoma. Waasi walipouteka mji, burugumestre, aliyekuwa sasa mtu wa serikali, alikimbia kwa mtumbwi bila kumuaga mtu. Mimi nilibaki, kwa sababu mama hakuweza tena kutembea.

Siku ya tatu waliingia ofisini wanaume wanne wenye mikuki na bunduki moja. Aliyewaongoza alikuwa kijana mwenye sauti ya chini.

"Iko wapi kitabu ya kura?" akauliza. "Tunataka kujua batu benye walikataa chama ya uhuru."

Ningeweza kusema daftari limeungua. Ningeweza kusema burugumestre ameondoka nalo. Wote wanne walinitazama, nami nikafungua kabati nikamkabidhi. Alipitisha kidole juu ya mistari yangu akasema, "Umeandika muzuri."

Fundi alichukuliwa mchana uleule. Nilikuwa nyuma ya dirisha langu. Aliomba avae viatu, wakamruhusu, akafunga kamba polepole, kisha akaondoka katikati yao kuelekea mto Tshopo. Mke wake aliwafuata mpaka mwisho wa avenyu, wakamrudisha. Fundi hakuonekana tena. Wala wale wengine watatu.

Jeshi la serikali lilipouteka tena mji, lilileta vifo vyake. Nikarudi kwenye meza yangu, chini ya burugumestre mpya ambaye safari hii hakuchaguliwa na mtu. Mjane wa fundi akaja kuomba cheti cha kifo cha mume wake, maana bila cheti kiwanja hakingeandikwa kwa jina lake. Fomu ilidai mahali pa kifo na shahidi.

"Mama, nani aliona?" nikamuuliza.

"Sijui. Sisi wanawake hatukupiga kura, hatukuandikwa popote," akajibu. Hakupandisha sauti. "Wewe uliandika jina yake mara ya kwanza. Andika tena."

Sikujua kwamba alikuwa akijua. Nilijaza fomu, nikajiandika mimi kuwa shahidi wa kifo ambacho sikukiona, nikampelekea burugumestre. Aliisoma, akaniuliza kama nimeona maiti. Nikasema hapana. Akairudisha bila sahihi.

Kiwanja kilipewa askari mmoja. Mjane alihamia Kabondo kwa ndugu zake, akiwa na cherehani juu ya baiskeli ya kukodi. Nilitoka nje nimsaidie kuifunga.

"Acha, tonton," akasema, akiniita mjomba, na akaifunga mwenyewe.

Niliacha kazi mwezi uleule. Karani aliyekuja baada yangu alipewa daftari jipya na kuambiwa aandike waliowashangilia waasi, avenyu kwa avenyu. Nasikia alimaliza kwa siku mbili.