Siku Babu wa Mke Wangu Alipohitimu

Niliamini, kwa akili zangu zote timamu, kwamba kadi ya ukaazi ya miaka miwili ina sikio. Ndani ya ile plastiki, niliambiwa, kuna kitu kidogo kinachojua jina ulilolichukua siku ya ndoa, na siku jaji atakapolifuta jina hilo, kadi inakufa dakika ileile, iwe mfukoni, iwe chini ya godoro. Kulikuwa na ushahidi. Dereva mmoja wa Arlington, hapa Texas, aliachana na mkewe, akarudi kwenye jina lake Ijumaa, na Jumatatu akaenda uwanja wa ndege kumpokea dada yake. Kumpokea tu, hasafiri. Kadi ikapiga kelele mfukoni kama kuku aliyekanyagwa. Wakampandisha ndege na kandambili zake miguuni, akashuka Nairobi ameshika funguo za gari, na gari lenyewe liko kwenye maegesho mpaka leo linahesabiwa ada.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimehitimu shule ya jioni, naweza kukuambia kompresa ya kiyoyozi inaumwa nini kwa kuisikiliza nikiwa upande wa pili wa barabara. Na hayo niliyaamini. Cheka kwanza, maana mimi mwenyewe sicheki.

Kwa asiyeijua kadi hiyo, ni hivi: ukioa raia wa huku Marekani na ndoa ikiwa bado mbichi, unapewa ukaazi wa miaka miwili kwanza. Kabla haujaisha uthibitishe kwamba ndoa yako ilikuwa ya kweli, si ya kutafutia makaratasi. Hapo ndipo unapewa ya miaka kumi. Mkiachana katikati, unakwenda kujieleza peke yako. Kwa hiyo miaka miwili hiyo mtu unaishi kama umebeba trei ya mayai kichwani, na kila anayepita barabarani anakupa ushauri wa namna ya kutembea.

Aliyenishauri mimi ni mwenye duka mmoja pale Alief, Houston, Mkenya wa bara, mnene, mchangamfu, sauti ya kuamsha mtaa. Dukani kwake aliuza unga wa sembe, samaki wa barafu, vitenge, nywele za kusuka na sheria za uhamiaji. Sheria alizitoa bure, hata ile ya dereva wa Arlington, ndiyo maana zilikwenda kuliko unga. Sote tulimwita Wakili, ingawa mahakama aliiona kwenye televisheni.

Tulipita kwake mimi na mchumba wangu kununua viungo vya pilau ya harusi. Wakili akatuangalia juu ya mzani.

"Boss, mtatumia jina moja?"

"Kila mtu lake," nikasema.

"Hapana cheza na hao watu! Mkiwa na majina mawili wanawaweka vyumba viwili. Mmoja anatokea mlango wa mbele. Mwingine hatokei."

Mchumba wangu alicheka mpaka akashika friji. Alizaliwa Mombasa, akaletwa huku mdogo, raia, nesi, mtu wa kupanga mambo. Lakini njiani kurudi, maneno yale yalikuwa yamekaa nasi garini kama abiria wa tatu. Mwishowe akasema kama ni jina moja, basi liwe lake. Lake lilikuwa kwenye leseni ya unesi, kwenye benki, kwenye vyeti. Kulibadili ni kubadili nusu ya Texas.

"Na wewe lako liko wapi?" akaniuliza. "Leseni ya kuendesha na kadi ya maktaba."

Nikachukua lake.

Sasa hilo lake ni lipi? Sisi watu wa pwani hatuna jina la ukoo kwa namna wanayoitaka hapa. Una jina lako, la baba, la babu, hapo unapumzika. Makarani wa huku wakalishika la mwisho wakalifanya ua wa kuwafungia wote humo. Kwa hiyo jina la mke wangu lilikuwa jina la babu yake, mzee aliyekuwa akichoma chokaa Mombasa na kufariki kabla mimi sijazaliwa. Picha yake ilikuwa ukutani kwenye fleti yetu Euless, kofia imekaa sawa, ananitazama kama mwenye nyumba anayengoja kodi. Kwa upande wangu, karani wa pasi ya kusafiria alimsahau babu, hivyo la mwisho lilikuwa la baba. Hilo ndilo nililolitoa. Kwa sheria ya Texas, mimi mtoto wa fundi baiskeli wa Tanga nikawa mjukuu wa mchoma chokaa.

Na baba yangu hakuwa mtu wa kuchezewa jina. Alikuwa na kopo la rangi ya mafuta na brashi moja iliyong'oka nywele, na kila alichokuwa nacho alikiandika jina lake. Ndoo chini ya kitako, ngazi, benchi, pampu, kinu cha mama. Kuku angetulia, naye angeandikwa. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu neno moja: "Kirudi." Alikufa nikiwa nimefeli kidato cha nne na sijajua la kufanya. Alichoniachia ni pampu moja na hilo jina.

Ndoa ilikufa kwa barabara. Yeye alipata kazi kwenye mahospitali makubwa ya Houston akanunua nyumba Pearland, pembeni ya mji huo, saa nne kwa gari kutoka Euless. Mimi nilibaki Euless, mchana napakia mizigo uwanja wa ndege, jioni nasoma ufundi wa viyoyozi. Kwanza nilikwenda kila wikendi. Halafu tukaanza kupigiana simu kuulizana nani atakuja, halafu kuulizana kwa nini hakuna aliyekuja. Hatukurushiana sahani. Tulichoka, tukaandikisha talaka Fort Worth.

Siku ya mahakama kila kitu kilikwenda kama sala ya haraka. Jaji, mama mtu mzima na miwani puani, alipofika mwisho akanitazama mimi.

"Bwana, unataka kurudishiwa jina lako la zamani?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nilikuwa nalo kwenye ulimi, limelowa. Halafu, wallahi, nikaisikia kadi ikipumua kwenye mfuko wa shati. Nikamwona yule wa Arlington na kandambili zake.

"Hapana," nikasema.

Mke wangu, aliyekuwa anatoka kuwa mke wangu dakika hiyo, akageuka akanitazama. Sikuelewa ule mtazamo. Jaji akaandika, tukatoka.

Tangu hapo hasira zikaanza kunipanda taratibu kama maji kwenye chumba kisicho na mfereji. Mke hayupo, nyumba haipo, pilau haipo, nimebaki na babu! Nikienda kwa daktari wa meno, anaitwa babu, nasimama mimi. Msimamizi wa mizigo akipaza sauti, anamwita babu, nabeba mimi. Wenzangu kazini, Waswahili wawili wa Unguja, walikuwa wakiniona wanainuka na kuniamkia: "Shikamoo, mzee wa chokaa!" Nilicheka nao. Nikiingia garini nilipiga usukani mpaka honi ikalia yenyewe. Ni nchi gani hii ambayo mtu anaogopa kuitwa mtoto wa baba yake?

Kisha nikahitimu.

Mama yangu Tanga hakuwa amejua lolote kuhusu jina. Utamwambiaje mjane kwamba jina la mumewe umeliweka kando, umelichukua la mtu wa Mombasa? Talaka alijua, akalia. Jina nilimficha. Alichojua ni kwamba mwanawe aliyefeli atavishwa joho Marekani, na chuo kitarusha sherehe kwenye mtandao. Aliazima viti msikitini. Alipika vitumbua vya kulisha kata nzima. Jirani mwenye bando akaegesha simu yake kwenye kinu, kile chenye jina la baba, na watu wakajaa mpaka uwani.

Sherehe ilikuwa asubuhi kwetu, magharibi kwao. Nilipita jukwaani nikiwa na kicho cha bwana harusi. Nikampa mkono mkuu wa chuo, nikapunga kuelekea kamera, nikashuka, nikangoja mpaka sherehe ikaisha. Nikakimbilia nje na joho langu kumpigia mama, nasubiri vigelegele vinipasue sikio.

Nikasikia viti vinaburutwa tu.

"Mama? Mmeona?"

"Baba," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Usijali."

"Nisijali nini?"

"Tumekaa mpaka wamezima taa. Wamesomwa wote. Hawakukusoma."

"Nimesomwa, mama! Nimepita!"

"Mimi nimekuzaa, usinidanganye. Wote wana majoho meusi, wadogo kama sisimizi, sura hatuzioni. Nikawaambia watu, tulieni, sikilizieni jina la baba yake. Kuna mmoja akasomwa jina la kwanza kama lako, tukasimama. Kumbe wa watu wengine. Tukakaa."

Tukakaa. Neno hilo bado liko sikioni.

"Utarudia mwakani," akaendelea, kwa ile sauti aliyokuwa akinipoozea homa. "Majirani nimewaambia mtandao umekatika. Vitumbua wamekula, wameridhika."

Mama yangu, aliyekwenda kuazima viti, alikuwa ananifariji kwa kufeli siku niliyofaulu. Nikamweleza pale pale, nimesimama katikati ya maegesho na joho linapepea, watu wanapiga picha na maua. Nikamweleza ndoa, kadi, jina, mchoma chokaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa baba yako umemwacha wapi?" akauliza.

Nikavua joho, nikaenda garini.

Jumamosi iliyofuata niliwasha gari kwenda kusini. Safari ilikuwa na sababu halali: muda wa kadi ulikuwa unakaribia, na aliyekuwa mke wangu alikubali kuniandikia maelezo kwamba tuliishi kama mume na mke. Lakini kwanza nilipinda kwenda Alief. Kwa hasira nilizokuwa nazo, gari lile lingeweza kwenda bila petroli.

Nilimkuta Wakili anampimia dagaa dada mmoja mwenye macho mekundu. Kabla sijafungua mdomo akanyoosha kidole kwangu.

"Huyu hapa! Si nilikuambia? Dada, muulize huyu. Aliachana na bibi, jina hakugusa, na kadi yake iko hai! Boss, mwonyeshe kadi."

Nikasimama pale kama sanamu ya maonyesho. Mimi ndiye niliyekuwa ushahidi sasa. Yule wa Arlington alikuwa amepata mwenzake.

"Wakili," nikasema, "yule dereva wa kandambili, ulimwona?"

"Nani?"

"Wa Arlington! Anaitwa nani? Nani alimjua?"

"Ai, boss. Nilisikia kwa mteja."

"Mteja gani?"

"Wateja ni wengi."

"Uliona kwa macho yako kadi inakufa?"

"Kwani wewe fundi, umeme unauona kwa macho? Na unakuua!"

Dada akaitikia kwa kichwa, ameridhika na hoja. Mimi nikapiga ngumi gunia la unga, likatoa moshi mweupe, tukakohoa sote watatu. Nikamwambia maneno ambayo mama angenifulia mdomo kwa sabuni. Nikamwambia alimfukuza baba yangu ukumbini. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akanifungia pakiti ya majani ya chai. "Bure, boss. Umechoka." Hilo ndilo lililonimaliza. Na baya zaidi, naondoka pale nimevimba, mkono umeshika mfuko kuhakikisha kadi haijasikia.

Huko Pearland, aliyekuwa mke wangu alinifungulia mlango na nguo zake za kazi, ametoka zamu. Picha ya babu ilikuwa ukutani kwake, imerudi kwa wenyewe. Alinipa chai ya rangi. Maelezo alikuwa ameshayaandika, kurasa mbili, mpaka mambo ya mimi kukoroma ameyaweka. Lakini hakunipa. Aliyashika.

"Ni-explain kitu kimoja," akasema. "Hapa kila mahali nimeandika jina la babu yangu, ilhali nakuandika wewe. Siku ile kortini mbona ulisema hapana? Mwaka mzima najiuliza. Mara nadhani wataka turudiane, mara nadhani wanikomoa. Mamangu asema umemteka mzee wetu."

Nikamwambia. Sikio la kadi, kandambili, Wakili. Nikamwambia na habari za mama, na viti, na neno lile, tukakaa. Nilitegemea acheke kama alivyocheka siku ya friji. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Na hukuniuliza mimi?"

"Ningekuulizaje? Tulikuwa tunaachana."

Alifuta uso kwa kiganja, kama mtu anayemaliza zamu ya pili, akanisogezea zile kurasa.

"Kadi haina sikio," akasema. "Jina halishiki kadi. Kubadilisha ni kuwapelekea hukumu ya korti, basi, wanaandika jingine. Wao wanataka kujua kama tulioana kweli, na tulioana kweli, nimeandika hapa. Sasa itabidi uombe upya mwenyewe, upigwe alama za vidole, ungojee jaji mwingine. Watakupa. Lakini siku ile yule jaji alikuwa akurudishie jina la babako palepale. Ungesema ndiyo tu."