Muuza Makaa wa Witeithie

Juzi mvua ilinyesha hapa Membley, nikamwona jirani akiingiza jiko la makaa sebuleni na kufunga madirisha. Nilimsihi afungue, kisha nikarudi kwangu.

Nilikuwa mdogo, tukiishi Witeithie, tata Wanja, dadake baba, alipolala mchana wa baridi kama huo asiamke. Chumba chake kilinuka majivu na blanketi zenye unyevu. Watu wakakumbuka kwamba Nyambura, mjane aliyeuza makaa, alikuwa amemletea tata makaa asubuhi hiyo. Kabla ya hapo alikuwa amepita kwa mzee mmoja, naye vilevile hakuamka.

“Huyo mama anatembea na kifo,” alisema shosho, nyanya yangu aliyemzaa tata Wanja.

Mimi niliamini kifo kilikaa kwenye viganja vyake vyeusi. Siku chache baadaye alikuja mlangoni, nami nikajificha chini ya meza nisije nikaguswa. Nilisikia sauti yake, ya chini, imekauka.

“Mama, Wanja alikuwa rafiki yangu. Niambie tu, nilimfanyia nini?”

Shosho alimfungia mlango.

Leo najua jiko likiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hatukukosea kuona kwamba kifo kilifuata makaa yake. Hatukuuliza tu kilipitia wapi.

Nyambura alihama mwezi huohuo. Sijui kama aliwahi kukutana na mtu wa kumjibu lile swali lake.