Grupu Lililomwita Mdogo Wangu Dokta

Siku tunamzika mama, simu ya mdogo wangu Anwari haikunyamaza.

"Pole, dokta." "Mungu akutie nguvu, dokta."

Anwari si daktari. Ana diplomu ya umeme na hana kazi.

Mimi sikulia. Hadi leo sijalia. Nawasimulia tu.

Kwetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, tunaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Tukikaa kula, kila mtu ana la kusema. Anwari akifungua mdomo, wajomba wanamkatiza: "We mushomeri, kula unyamaze." Maana yake mtu asiye na kazi. Tunacheka wote, na yeye anacheka.

Akapata grupu la WhatsApp la tiba za asili. Huko hakuna wa kumcheka. Akiuliza anajibiwa, akijibu anaitwa dokta. Asubuhi wanamjulia hali.

Siku moja, tukigeuza ndagala juani, akatusikilizisha vokali, ujumbe wa sauti kutoka grupu lile. Sauti ya mwanamume, ya upole: vidonge vya sukari vinaharibu figo, chemsheni majani ya mpera.

"Mama, acha izo vinini, izo vidonge vyako," Anwari akasema. "Iko watu wengi wamepona."

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Watu wenye kunisikiliza, dada."

Mama alikuwa na sukari miaka mingi. Nilijua atamfokea.

Akamtazama tu. "Chemsha, mutoto wangu. Nitakunywa."

Akanywa, vidonge akaacha. Akakonda, macho yakafifia. Nilipomfikisha hospitali, muda ulikuwa umeshatutupa mkono.

"Mama, kweli uliamini yale majani?" nikamuuliza pale hospitali.

"Apana, Asma. Nilijua haiko dawa. Lakini tangu amalize masomo, ile ndiyo mara ya kwanza ananipa shauri akiniangalia mu macho. Niliogopa nikikataa, atarudia kunyamaza."

Hakurudi nyumbani.

Matanga yalipokwisha, Anwari akanifuata chumbani.

"Dada, mama aliniamini?"

Ukweli ukanishinda. Nikamwambia ndiyo.

Akashusha pumzi. "Basi majani hayana kosa. Alichelewa tu kuanza."

Akachukua simu, akaanza kuwaandikia wenzake wa grupu hivyo hivyo. Nilikaa pale pale kitandani, sikusikia hasira wala huzuni.

Jamani, kijana unayemkatiza kila siku nyumbani kwako, kuna mtu mahali fulani anamsikiliza, na kijana atamwamini huyo. Msikilize wewe. Kisha mwambie ukweli.

Mama aliweza la kwanza tu. Mimi hata hilo la pili bado linanishinda, na majani yanachemka kwenye nyumba za watu nisiowajua.