Khatib na Java ya Mkewe

Khatib Makame wa Handsworth, Birmingham, hawezi kumwona mtu anahangaika na kitu, yeye akakaa. Mikono inamwasha. Ukifungua chupa ya achari mbele yake na kifuniko kikakataa mara moja tu, hupati nafasi ya kujaribu tena, maana chupa imeshahamia kwake. Jirani yake Jagjit, mzee wa Kipunjabi wa nyumba iliyopakana na yao, alimwomba siku moja amwoneshe namna ya kupiga simu ya video kwa binti yake aliye Kanada. Khatib aliichukua simu, akapiga, akamrudishia mzee simu yake na binti keshatokea kwenye kioo anacheka. Jagjit alishukuru mpaka akamshika mabega. Na hadi leo kila Jumapili Jagjit hubisha hodi na simu mkononi, kwa sababu kuoneshwa hajaoneshwa.

Watu wa namna hii wanachosha, na uchungu wake ni kwamba huwezi kuwalaumu. Ukifungua mdomo unaonekana huna shukrani. Mtu amekubebea mzigo, wewe unalalamika kwamba ulitaka kuubeba mwenyewe?

Khatib alizaliwa Wete, kifungua mimba katika nyumba iliyojaa watoto, na mama yake alikuwa mshonaji asiye na muda wa kumweleza mtu jambo mara mbili. Viatu vya wadogo zake alivifunga Khatib. Hesabu zao za shule alizifanya Khatib, mbio mbio, ili taa izimwe watu walale. Akakua akiamini kwamba ukimpenda mtu unamwondolea kazi. Akaja Birmingham kusoma mambo ya kompyuta, akafaulu, akapata ajira Digbeth katika jengo lililokuwa ghala la vyuma zamani na sasa limejaa vijana wenye vikombe vya kahawa. Kazi yake ni kuandika programu za malori ya kusambaza bidhaa, na lugha ya kompyuta anayoandikia ni Java. Kazini wanampenda. Mwenzake akikwama, Khatib anasogeza kiti, anaandika mistari miwili, anaondoka.

Mkewe, Thuwaiba, alikuwa mwalimu wa hesabu Chake Chake kabla ya kuolewa. Alizipenda hesabu kwa kuwa kila jibu lina sababu yake na sababu haijifichi kwa mtu anayeitafuta. Birmingham haikumpokea kama mwalimu. Ilimpokea kama mikono miwili ya kufunga maboksi kwenye ghala moja la Washwood Heath, na akayafunga miaka mingi bila kunung'unika, akalea mtoto wao Jokha, akapika, akangoja. Jokha alipoanza shule, Thuwaiba akajiandikisha masomo ya jioni chuoni. Alichagua Java. Khatib alifurahi kupita kiasi, akamnunulia kompyuta siku hiyo hiyo.

Lengo la Thuwaiba lilikuwa wazi. Kampuni moja ya mjini ilikuwa ikichukua wanagenzi, watu wazima wanaobadilisha kazi, wafundishwe huku wakilipwa. Thuwaiba aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu aje nchi hii. Hakuificha hamu yake. Alimwambia Khatib, akawaambia wenzake wa darasani, akamwambia hata Jagjit.

Jioni moja Khatib aliporudi kutoka kazini alimkuta mezani, kakunja uso.

"Baba Jokha, hebu njoo utazame. Hapa nimeandika jina. Nikitia nukta mbele yake, kompyuta inaniletea orodha ndefu ya methodi, kazi ambazo hili jina linaweza kunifanyia. Pima urefu, geuza herufi, yote yapo. Sasa hapa nimeandika umri, nimeuita int, yaani namba kamili. Nikitia nukta, kimya. Hainiletei hata kitu kimoja. Nikiilazimisha inanipa error. Kwa nini?"

Lilikuwa swali zuri. Wanafunzi wengi hupita hapo bila kuliuliza. Khatib aliinama juu ya bega lake, akafuta int, akaandika Integer, akatia nukta. Orodha ikamwagika.

"Tayari," alisema.

"Nimeona. Lakini kwa nini?"

"Usijitaabishe na hilo, Mama Jokha. Int haina methodi, ndo ilivyo. Ikikukatalia, u-change iwe Integer. Jokha amekula?"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo ada ya nyumba. Thuwaiba akikwama, Khatib anainama, vidole vinacheza, mambo yananyooka. Mara mbili tatu alimshika mkono akamwambia, "Subiri kwanza, nataka kufikiri." Khatib alisubiri kadiri mtu anavyosubiri chafya, kisha akaandika. Mazoezi ya chuo yakarudi na alama za juu. Mwalimu akamsifu. Thuwaiba alizipokea sifa zile shingo upande, na Khatib, aliyezoea kuona kila kitu kinachohitaji kutengenezwa, hilo hakuliona.

Siku ya usaili ilifika. Thuwaiba alivaa baibui jipya, akapanda basi la Soho Road kwenda mjini. Khatib alimpa neno moja tu la kumtuliza: "Unajua kila kitu wewe."

Aliporudi hakuvua viatu. Alikaa kwenye ngazi, mkoba mapajani, akamsimulia kwa sauti ya kawaida kabisa. Wasaili walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wapole. Wakampa karatasi yenye mistari michache ya Java wakamuuliza kosa liko wapi. Akaliona papo hapo: mtu ameita methodi juu ya int. Wakamuuliza utalirekebishaje. Akasema ataweka Integer. Wakafurahi. Yule mwanamke akauliza, kwa wema tu, bila mtego: na kwa nini int haiwezi?

"Ukasemaje?" Khatib aliuliza.

Thuwaiba alitazama zulia. "Nikasema, *my husband does it like that*."

Khatib alitaka kucheka, akajizuia.

"Hata wao hawakucheka, Baba Jokha. Bora wangecheka. Walitazamana tu, wakaniuliza swali jingine, jepesi, kama wanavyoulizwa watoto."

Wiki iliyofuata ikaja simu. Nafasi amepewa mwingine. Walimwambia kwamba mazoezi yake yalikuwa mazuri sana, ila hawakuweza kujua ni kiasi gani cha kazi ile kilikuwa chake. Thuwaiba aliwashukuru kwa Kiingereza kizuri, akakata simu, akaenda kukunja nguo. Ghalani walikuwa wanataka watu wa zamu za asubuhi. Akakubali.

Hapo ndipo roho ilipoanza kumuuma Khatib, na ikamuuma hasa. Jumapili ile Jokha alikuwa kwa Jagjit, na wao wawili walikuwa na chai na sahani ya tende katikati. Khatib akapiga moyo konde.

"Lile swali lao," alisema. "Nikueleze?"

"La nini tena?" Kisha, kwa kuwa ni yeye, kwa kuwa sababu haachi kuitaka: "Haya, nieleze."

Khatib alisogeza mikono yake chini ya mapaja, aikalie. Hiyo pekee ilikuwa kazi.

"Ukiandika jina, kompyuta haikuwekei jina lenyewe pale. Inakuwekea anwani tu. Jina lenyewe liko pengine, ndani ya nyumba yake, pamoja na kila linachojua kufanya. Ile nukta maana yake ifuate anwani, nenda, bisha hodi, omba kazi. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Int haina anwani. Pale pale penyewe kuna namba, tupu, basi. Kama hii tende." Akachomoa mkono mmoja, akaweka tende katika kiganja cha mkewe. "Ukiwa na anwani ya Jagjit unaweza kwenda kumgongea. Ukiwa na tende mkononi, unamgongea nani?"

Thuwaiba aliitazama tende.

"Hamna mlango," alisema.

"Hamna mlango. Wamefanya hivyo kusudi, kwa wepesi. Namba zinatumika kila sekunde, na kila moja ukiijengea nyumba utachelewa na utajaza kiwanja."

"Na Integer ndiyo nyumba. Umeichukua namba ukaiweka ndani, ikapata mlango, ndiyo maana nukta ikaleta orodha."

"Ndiyo."

Midomo ya Thuwaiba ilikuwa ikicheza, kama zamani alipokuwa akitafuta jibu mbele ya ubao. "Basi ndiyo maana Integer yaweza kuwa null na int haiwezi! Mwalimu alitusomesha hilo tukalikariri. Anwani yaweza kuwa haijajazwa, haielekezi popote. Lakini pale pa namba lazima pawe na namba, hata iwe sifuri."

Hilo la null Khatib alilielewa mwaka wa pili chuoni, baada ya kuadhirika mbele ya darasa. Mkewe amelifikia mwenyewe, chai haijapoa.

"Ndo hivyo tu?" Thuwaiba aliuliza.

"Ndo hivyo tu."

"Hili ulikuwa unalijua siku ile ya kwanza nilipokuuliza?"

"Nilikuwa nalijua."

Thuwaiba hakugomba. Angegomba, Khatib angepumua. Alikula ile tende, akatoa kokwa, akaiweka pembeni ya sahani, akasema yale maboksi ya Washwood Heath yanaanza saa kumi na mbili za asubuhi na kwa hiyo atalala mapema. Khatib akabaki mezani na majuto yake. Dakika tano za kukaa kitako, hizo ndizo alizomnyima. Angeweza kumpa jioni yoyote ya msimu ule wa baridi, na alikuwa na jioni tele. Alikuwa na haraka ya kumfurahisha.

Akajaribu kujirekebisha. Akatangaza kwamba kuanzia sasa hagusi kompyuta ya mkewe, ataeleza tu. Alikuwa na nia njema, na ahadi hiyo hakuivunja hata mara moja. Hakupata nafasi ya kuivunja. Thuwaiba hakuacha chuo, lakini alihamisha kompyuta kutoka mezani akaipandisha chumbani juu, na maswali yakahama nayo. Chakula kilipikwa, salamu zilikuwepo, mizaha ilirudi taratibu. Khatib aliuliza, "Masomo vipi?" akajibiwa, "Yanakwenda." Mtu angedhani hakuna lililobadilika katika nyumba ile.

Jumamosi moja mchana alikuwa anapanda ngazi na kikombe cha chai ya mkewe. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi nusu. Thuwaiba alikuwa akizungumza kwa video na Rosine, mwenzake wa darasani, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, na alikuwa akimweleza habari ya anwani na nyumba. Lakini tende hakuitaja. Alikuwa na mfano wake mwenyewe, wa maboksi ya ghalani: kuna boksi lina karatasi ya kusema mzigo uko rafu gani, na kuna boksi lina mzigo wenyewe. Khatib alisimama akasikiliza. Mfano ulikuwa bora kuliko wake.

"Bon, hapo nimesikia," Rosine alisema. "Lakini sasa, kama int haina nyumba, na ile liste ya kuwekea bitu bingi pamoja inataka bitu bya kuwa na nyumba tu, juu ya nini nikiweka int mu liste, Java inakubali? Haigombe hata!"

Khatib alijua jibu. Java yenyewe huijengea namba nyumba kimyakimya, bila kumwambia mtu. Maneno yalimjaa mdomoni, na mguu mmoja alikuwa keshauinua.

"Sijui," Thuwaiba alisema. "Hebu tufikiri."

"Eh, maman, si uulize bwana yako? Si yeye njo mwenye kujua? Umuite tu."

"La, la, usinambie nimwite," Thuwaiba alijibu upesi, akashusha sauti. "Akija atatufanyia."

Hakukuwa na hasira katika sauti ile hata chembe. Alisema kama mtu anavyosema funga dirisha, mvua inakuja. Khatib akaurudisha mguu chini. Akageuka, akashuka ngazi kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe, kikombe mkononi, akiomba Mungu mbao zisilie.