Vitako Vikavu vya Lyle

Tangu kiwanda cha bunduki cha mjini kwao kifungwe, huko kaskazini mwa jimbo la New York, Lyle Vanderhoof alikuwa akikusanya vitako vya mbao vya bunduki za zamani za marisau, vile vilivyochongwa vikaachwa hivyohivyo, bila kupakwa chochote. Thamani ya vitako hivyo ilikuwa huo ukavu. Kitako kikiguswa na mafuta tu, kwake kilikuwa kuni.

Jumamosi moja alirudi kutoka mnadani, akakaribishwa mlangoni na harufu ya mafuta ya mbao.

"Noreen! Umevigusa vitako vyangu?"

"Nani ana haja na magogo yako?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Hebu ngoja kwanza, nikwambie..."

Angoje nini? Alipanda ngazi mbio, akijivuta kwa kishikio cha mbao cha pembeni, akaingia chumbani. Vitako vilikuwa vimejipanga rafuni, vikavu vyote. Akakinyakua kile alichokipenda kuliko vyote, akakikumbatia kama mtoto aliyepotea.

Noreen akatokea mlangoni, kitambaa mkononi.

"Kichwa ngumu wewe! Nilitaka kukwambia usishike kishikio cha ngazi. Nimekipaka mafuta sasa hivi."

Lyle akatazama kitako. Vidole vyake vyote vitano vilikuwa vimejichora juu yake kwa mafuta.