Nimekimbia samaki wangu mwenyewe

Wasee, leo nimekimbia samaki. Maliza kusoma ndio ucheke.

Mnajua vile mimi ni mkali Kabiro nzima. Soko la Toi limeungua kwa hizi vurugu za uchaguzi, nyumbani ni sukuma kila siku, so nikamwambia siz, dada yangu, "Leo unakula samaki. Weka mafuta tayari."

Nikabeba fimbo yenye uzi na ndoana, nikashuka hadi kwa dam, lile bwawa la chini ya Kibera.

Nikakuta watu wamekaa wamejipanga na fimbo zao za kuvua. Hakuna aliyeuliza mimi ni wa kabila gani. Waliuliza tu kama nina minyoo ya chambo.

Hivi hawa huangalia maji siku nzima wakiona nini?

Mara uzi wangu ukavutwa kwa nguvu. Nikapiga nduru, "Ameshika!"

Wote wakasimama pamoja!

Manze, siku hizi watu wakiinuka hivyo hauulizi. Nikatupa fimbo, nikatoka mbio.

"We kijana! Unaenda wapi na samaki yako iko huku?"

Kumbe ni adabu yao. Mmoja akinasa, wengine wanatoa nyuzi zao majini zisishikane na yake.

Nikarudi, nikakuta buda mmoja, mzee wa pale, amedaka fimbo yangu. Nikamwambia avute. Akakataa.

"Mimi nashika tu. Kuvuta ni kwako."

Nikavuta. Akatoka perege mdogo kama kijiko.

Hakuna aliyecheka, wallahi. Walingoja nimtoe kwa ndoana, ndio wakarusha nyuzi zao tena.

Siz ndiye amecheka mpaka akakaa chini. Lakini amemkaanga, na kichwa amekula yeye.

Semeni ukweli: nani hapa hangekimbia?