Viatu vya Mkwe, Namba Thelathini na Nane

"Vimeshashonwa, mama watoto! Sasa unataka nifanye nini, nimpunguze mkwe vidole?"

"Ungefuata mpangilio, mzee! Kichwa kigumu kuliko kisigino!"

Mume wangu ni fundi viatu, miaka arobaini juu ya kigoda kilekile. Mtaani wanamwita Gundi, maana akishika neno halibanduki. Mimi sikusoma, lakini sisemi uongo: kuna kiatu alichokishona kilimwacha mwenyewe njiani, kikarudi peke yake kwetu kupigwa rangi.

Kutafuta namba ya kiatu anajua hata akiwa usingizini. Anapima mguu kwa sentimita, anaongeza nusu yake, mwisho anaongeza mbili. Mguu wa ishirini na nne, weka kumi na mbili, thelathini na sita. Weka mbili, thelathini na nane. Basi.

Balaa lilianza juzi, kijana wetu alipopiga simu kwamba leo analeta mchumba. Mzee akaapa binti huyo atavaa viatu vya mkono wake. Mguu hakuuona, alipewa namba tu: thelathini na nane. Ikabidi arudi kinyumenyume kuzitafuta sentimita. Akaipunguza thelathini na nane theluthi yake, ndipo akatoa mbili. Akapata ishirini na tatu na kidogo, akaikata ngozi nyeupe yote aliyokuwa nayo.

"Mbili uliiweka mwisho, kwa hiyo itoke kwanza," nilimwambia leo, viatu vikiwa vimeshashonwa. "Sufuria iliyofunikwa, unapakua kabla ya kufunua?"

"Wewe darasani uliingia lini?"

"Nilichungulia dirishani, nikawahurumia."

Nikamwaga misumari midogo thelathini na minane juu ya meza yake. Nikaondoa miwili. Iliyobaki nikaigawa mafungu matatu, kila fungu kumi na miwili.

"Fungu hili ni ile nusu unayoongezaga. Litoe. Haya mawili ndiyo mguu wenyewe. Hesabu!"

Akahesabu mara tatu, akadai misumari inatembea. Mara ya nne akaikuta ishirini na nne ileile. Akakivuta kiatu kwa mbele, akakivuta kwa nyuma, jasho likamtoka. Ngozi haikusogea hata unywele.

"Si ungeniuliza mapema, Gundi wewe! Jana nzima nimekaa hapa hapa na—"

"Hodi!"

Mzee akaficha viatu mgongoni. Binti akaingia akichechemea, kijana wetu nyuma yake.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Mnisamehe, hivi vya dukani vimenibana njia nzima. Nikasema nivumilie tu, maana leo navaa vya baba."